Sura ya Saba: Lete Moto

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, siku ya Alhamisi, taa moja ya lori ilikuwa inawaka.

Ilikuwa taa ndogo, imefungwa chini kabisa upande wa nyuma, mahali ambapo magari ya raia hayana taa. Mwanga wake ulikuwa hafifu, wa rangi ya chai isiyo na maziwa, ukiangukia difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, iliyopakwa rangi nyeupe. Koplo Mwita, aliyekuwa kwenye zamu ya kulilinda lori hilo, aliiona alipoinama kufunga kamba ya buti. Kwa maelezo yake mwenyewe, kamba hakuifunga. Alirudi kinyumenyume hadi nyuma ya tuta la udongo, akachuchumaa, akapiga simu.

Inspekta Nyamizi Ngusa wa upelelezi alifika machimbo ya Nyamalulu, kilomita kumi na tisa kutoka Geita mjini, saa moja na nusu. Aliitazama taa kwa darubini akiwa nyuma ya tuta, akaandika saa kwenye daftari, na chini yake swali moja: umeme unatoka wapi?

Lori lilikuwa limesimama pale tangu Jumanne, saa tisa kasoro dakika kumi alasiri, wakati sanduku moja la fataki lilipolipuka nyuma yake. Fataki hizo ni vidude vyembamba kama kalamu, kila kimoja na nyaya zake mbili, na kazi yake ni kuwasha baruti ndani ya mashimo ya dhahabu. Huwashwa kwa umeme, tena umeme kidogo tu. Mihayo, kuli aliyekuwa amesimama juu ya bodi, alikufa hapo hapo. Dereva, Deogratias, alirushwa kutoka kwenye kabini, akavunjika taya na kuchubuka mikono yote miwili hadi nyama. Masanduku mawili yalibaki juu. Moja lilikuwa limepasuka, na nyaya zake zimemwagika kwenye sakafu ya bati, nyingine zikining'inia kwenye nyufa.

Masalu, mkaguzi wa baruti, alikuwa ametoa amri siku ile ile: mtu asilisogelee lori mpaka wataalamu wa kushusha wafike. Wataalamu walifika Jumatano usiku. Hadi asubuhi ile kila mtu aliamini lori limekufa, kwa sababu mpini mwekundu wa swichi kuu, uliofungwa nje ya kabini, ulionekana wazi kutoka kwenye tuta ukiwa umelala upande wa kukata.

"Swichi imekatwa na taa inawaka," alisema Masalu. Alikuwa mtu wa Kishapu, mrefu, mwenye sauti ndogo. "Watu wangu hawapandi. Na mimi sipandi."

Saa tisa alasiri ya siku hiyo, faili la kesi lilitakiwa liwe mezani kwa wakili wa serikali. Ndani yake Deogratias alikuwa mtuhumiwa pekee, kosa likiwa kusababisha kifo kwa uzembe. Ushahidi wote ulisimama juu ya maneno mawili. Mama Goodness, aliyekuwa akiuza chakula nje ya geti, alisikia mtu nyuma ya lori akisema, "Lete moto." Dereva alikuwa mvutaji, kiberiti kilikutwa mfukoni mwake. Mwita akaandika kwamba marehemu aliomba moto wa sigara na dereva akampa. Dereva mwenyewe hakuweza kukana. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya na mikono imezungushiwa bandeji hadi vidoleni. Mkewe, Salvina, alikuwa siku ya pili kwenye benchi nje ya wodi, amezuiwa kuingia asije akampangia maneno.

Nyamizi alikuwa ameyasoma maelezo hayo mara nne bila kuona kasoro. Kasoro aliiona Jumatano jioni kwenye gereji, fundi akiwa amelala chini ya gari la ofisi kutafuta kwa nini taa ya breki haiwaki. Fundi yule alimwambia dereva, "Lete moto." Dereva akawasha swichi. Hakuna aliyetafuta kiberiti.

Saa mbili alimwita Mama Goodness. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamevimba, kitenge amejifunga mara mbili kama mgonjwa wa homa.

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Alimwomba arudie alichosikia. Akarudia: lete moto. Alimwuliza sauti ilitokea wapi.

"Chini."

"Chini wapi, Mama Goodness?"

"Chini huko, kwenye matairi. Mihayo yeye alikuwa juu, nilikuwa naona miguu yake."

"Ukafanya nini?"

Mama yule alisema kwamba pale Nyamalulu jiko ni lake, na mtu akitaka moto wa sigara huja kwake, kwa hiyo alijua anaambiwa yeye. Alichukua kaa kwa koleo, akaanza kwenda. Alikuwa amefika getini mlio ulipotokea. Kwa siku mbili hakula. Aliamini ni kaa lake lililoua.

Nyamizi alimtaka Mwita apime. Kutoka getini hadi kwenye tairi la nyuma, kwa kamba iliyorushwa na kuvutwa bila mtu kusogea, zilikuwa mita ishirini na saba.

"Kaa haliruki mita ishirini na saba," alisema. "Si wewe. Nimeliandika hilo, nitakusomea."

"Mbona habari ya kaa hukuniambia?" Mwita alimwuliza.

"Wewe si uliuliza nani anavuta sigara?"

Koplo alitazama buti zake. Kamba ilikuwa bado haijafungwa.

Kwa hiyo palikuwa na mtu wa tatu, chini ya lori, na alikuwa fundi au mtu anayesema kama fundi. Nyamizi alianza na Gregory, mtunza stoo, ambaye hakuonekana tangu Jumatatu. Simu mbili zilimaliza habari yake: alikuwa Ushirombo kwenye msiba wa baba yake mdogo, na paroko alithibitisha kwamba ndiye aliyeshika kitabu cha rambirambi tangu Jumatatu hadi Jumatano. Nyamizi alikata jina lake. Ukurasa ule ulibaki na jina moja.

Mwenye jina hilo alifika saa mbili na dakika arobaini nyuma ya bodaboda, bila kukamatwa wala kulazimishwa. Aliitwa kama mtaalamu. Otmar, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alikuwa fundi umeme katika karakana ya jeshi kwa miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na kibanda chake Kalangalala. Malori ya aina ile, yaliyouzwa mnadani Shinyanga baada ya kulitumikia jeshi, hayakuwa na fundi mwingine Geita nzima. Jumatano alikuwa ameandikisha maelezo mafupi: hilo lori hakuligusa tangu Machi, na Jumanne alishinda kibandani kwake.

"Shikamoo, Mzee Otmar."

"Marahaba, Inspekta."

Mwita, aliyekuwa kushoto kwake, alimtania kwamba jeshi limerudi kuwaokoa polisi. Otmar hakugeuka. Mwita alirudia kwa sauti kubwa zaidi, ndipo mzee akazungusha kichwa kizima, kama mtu anayetafuta nzi. Alisema sikio limezibwa na dawa za malaria. Nyamizi aliuliza ni lini. Wiki iliyopita, alijibu.

Aliwaeleza lori taratibu, kwa ufasaha wa mtu anayefundisha. Umeme wake ni volti ishirini na nne, betri mbili za kumi na mbili zimeungwa pamoja. Nyaya zake zote ni nyeusi. Hazitofautishwi kwa rangi. Kila waya una kibati chenye namba, na fundi wa jeshi hufuata namba. Ile taa ya chini ni ya msafara wa gizani: dereva wa nyuma huona difu nyeupe tu ya lori la mbele, basi anajua pa kufuata.

"Kwa nini imefifia?" Nyamizi aliuliza.

"Betri zimechoka."

"Na kwa nini inawaka?"

"Swichi kuu itakuwa imeungua ndani. Inaonyesha kukata, haikati. Toeni hasi za betri, zile nyaya za kwenda bodi, mtaona inazimika."

Masalu alikubali utaratibu huo kwa masharti yake. Mtu mmoja tu ataingia. Hakuna taa ya kupimia wala kugusisha waya kwenye bodi kuona cheche, kama mafundi wanavyofanya. Itatumika mita peke yake, kwa sababu mita hainywi umeme wa maana. Otmar alitoa yake mfukoni. Aliulizwa kama ataingia yeye, na kabla hajajibu Nyamizi alisema hapana. Lori lilikuwa kielelezo, na kielelezo hakiguswi na shahidi. Alivua saa, pete, na mkanda wenye bizimu la chuma, akampa Mwita.

"Inspekta, na mimi je?" Mwita aliuliza. "Nikae wapi?"

"Kaa na Mzee Otmar. Usimwache."

Makarasha yote ya kusaga mawe yalikuwa yamezimwa. Wachimbaji walikaa juu ya kilima kama watu waliokuja mpirani, isipokuwa hawakupiga kelele. Nyamizi alianzia getini, akatembea mita zile ishirini na saba akihesabu hatua. Alipofika kwenye kabini alisikia mlio mdogo wa bati lililopata jua likitanuka. Kila lilipolia alisimama.

Sanduku la betri lilikuwa chini ya mlango wa kushoto. Aliweka ncha za mita. Ilisoma ishirini na tano nukta moja. Alisema namba hiyo kwa sauti, na Masalu, nyuma ya tuta, akaiandika. Kisha alifungua nati ya waya wa hasi kwa spana iliyozungushiwa plasta, robo duru kwa robo duru. Waya ulitoka bila cheche. Aliufunga kwa kitambaa, akautenga. Akatoa na wa betri ya pili.

Alizunguka nyuma, akalala chali, akajivuta chini ya bodi kwa visigino.

Taa ilikuwa bado inawaka.

Alikaa bila kusogea akaitazama. Juu ya uso wake, kiasi cha shibiri moja, nyaya mbili nyembamba za njano zilining'inia kutoka kwenye ufa wa sakafu. Upande wa kulia, kando ya nyaya nyeusi zenye vibati, ulipita waya mmoja mwekundu usio na kibati. Uligawanyika mara mbili. Tawi moja liliingia kwenye taa. La pili lilining'inia hewani, shaba yake imemenywa na kung'aa, vidole viwili kutoka kwenye chesisi. Upepo uliingia chini ya lori. Waya mwekundu uliyumba, ukakaribia chuma, ukarudi.

Nyamizi aliudaka kwa mkono wa kulia, kwenye ganda, chini kidogo ya shaba. Kwa mkono wa kushoto aliweka ncha moja ya mita kwenye shaba na nyingine kwenye chesisi, akageuza kichwa kusoma.

"Mzee Otmar," alisema. Sauti ilikuwa ya ofisini. "Mita inasoma kumi na mbili nukta nne. Betri zote mbili nimeshazitoa nyaya."

Masalu ndiye aliyejibu. Alisema haiwezekani, arudie. Alirudia. Kumi na mbili nukta nne.

"Nimeshika waya mwekundu," aliendelea. "Hauna namba. Ncha yake iko wazi, na nikiuachia upepo utaupeleka kwenye chesisi. Fataki ziko juu ya pua yangu. Naomba mtaalamu aniambie moto huu unatoka wapi."

Jasho liliingia jicho lake la kushoto. Hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Ulisema taa imefifia kwa sababu betri zimechoka. Betri hazijachoka, nimezipima. Taa ya volti ishirini na nne ikipewa kumi na mbili, huwaka hivi. Unajua hilo kuliko mimi."

"Inspekta, toka huko," Masalu aliita.

"Siwezi kutoka na waya mkononi. Mzee Otmar, aliyesema lete moto Jumanne alikuwa chini, kwenye matairi. Mama Goodness amemsikia. Alilala hapa nilipolala mimi. Difu na sakafu vilimkinga mwili, sikio halikukingwa. Dereva alifanya alichoambiwa na fundi wake, na leo saa tisa anakuwa muuaji."

Nyuma ya tuta, Mwita alikuwa amegeuka kumtazama mzee aliyekuwa naye bega kwa bega. Baadaye aliandika kwamba Otmar alikuwa ameshika majani kwa mikono miwili.

"Mkono umechoka?" Otmar aliuliza. Alipaza sauti kupita kiasi, kama wasiosikia wanavyofanya.

"Umeanza kutikisika."

"Usiuachie. Vidole visipande kwenye shaba." "Ipo betri ya tatu. Nyuma ya kiti cha dereva, chini ya gunia."

Masalu aliinuka. Otmar alimshika suruali.

"Usiende wewe. Kuna waya wa pili umepita kwenye mlango, utaukanyaga. Niliufunga mimi, ninajua ulipo."

Nyamizi alipewa taarifa hiyo kwa sauti na kutakiwa aamue. Kwa kadiri alivyoweza kukadiria, alikuwa na dakika tatu au nne za nguvu katika mkono ule. Mtu aliyeomba kuingia alikuwa na sababu ya kutaka kielelezo kipotee, na yeye aliyekishika apotee nacho. Upande wa pili, mtu huyo angeweza kunyamaza, na hakunyamaza.

"Aje," alisema. "Mwita abaki."

Aliona viatu vya mzee tu. Vilikuja kwa mwendo wa kawaida, vikapita upande wa tairi la mbele, vikasimama. Kimoja kilipanda. Lori liliinama kidogo kwa uzito wa mtu, na nyaya za njano juu ya uso wake zikacheza, zikagusana, zikaachana. Nyamizi alifumba macho, kisha akayafumbua, kwa sababu mita ilihitaji kusomwa.

Kumi na mbili nukta nne. Kumi na mbili nukta nne. Chuma kilikwaruza chuma ndani ya kabini.

Sifuri.

Alisema namba hiyo mara mbili. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tatu. Aliendelea kuushika waya mpaka Masalu alipokuja mwenyewe na plasta, akaufunga ncha, na ikabidi amfungue Inspekta vidole kimoja kimoja.

Otmar alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kabini, gunia miguuni. Alirudishwa nyuma ya tuta, akaandikishwa maelezo huko, baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema. Alisema betri ya tatu aliifunga mwezi wa Mei. Mwenye lori alitaka taa ya kupakilia mizigo upande wa nyuma, na taa za volti kumi na mbili zinapatikana kila duka la Geita, za ishirini na nne mpaka Mwanza. Mafundi wengine huiba volti hizo kwenye betri moja kati ya mbili, na betri hiyo hufa kabla ya mwenzake. Yeye hakutaka kazi ya namna hiyo. Aliweka betri ya pembeni na swichi yake karibu na usukani, akaunga na taa ya msafara kwa kuwa ilikuwa njiani. Kwa hiyo swichi kuu haikuukata umeme huo, na ile ya karibu na usukani haikuzimwa tangu Jumanne. Deogratias alijua swichi ya taa. Masalu hakuambiwa. Mihayo hakuambiwa.

Jumanne dereva alimpigia kwamba taa ya kupakilia haiwaki. Alikuta mzigo umeshapandishwa. Alisema ni kazi ya dakika mbili.

"Ulijua ni fataki?" Nyamizi aliuliza.

"Nilijua. Nilidhani masanduku yote yamefungwa. Lile lililolipuka lilikuwa limepasuka wakati wa kupandisha, nyaya zake zikagusa bati, sikuliona."

"Endelea."

"Nikamenya waya. Nikamwambia Deo lete moto. Akaleta. Nikaugusisha kwenye chesisi nione cheche."

"Mita ilikuwa wapi?"

Mzee alitazama mkono wake wa kulia.

"Mfukoni."

Cheche aliiona. Mlio hakuusikia vizuri. Alitambaa hadi kwenye mtaro, akatembea kwa miguu mpaka barabara kuu, akapanda gari la kwanza. Alipoulizwa kwa nini alimwacha dereva abebe kosa, alisema alisubiri kusikia kama Deogratias atapona aseme mwenyewe. Na aliposikia taya limefungwa, aliogopa zaidi, kwa kuwa wa kusema alibaki yeye peke yake. Nyamizi aliandika sentensi hiyo kama ilivyo.

Sanduku la mwisho lilishushwa saa tano kasoro dakika nane. Otmar alitia sahihi kurasa tatu, akakamatwa saa tano na dakika tano. Alinyoosha mikono yote miwili kabla Mwita hajatoa pingu.

Faili lilifika kwa wakili wa serikali saa saba na nusu likiwa na jina lingine. Saa nane na dakika kumi na saba, hospitalini Geita, askari wa mlangoni alisimama, akachukua kiti chake, akaondoka. Salvina aliingia wodini.